Sauti ya Nyapara

Simu ilipoita, Binti Nyapara alikuwa akivisha mito ya chumba cha mwisho, foronya mbili begani na ya tatu ameiuma kwa meno. Aliitema, akapokea.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana wa upande wa pili. "Tunataka chumba cha watu wawili. Kesho tunapanda mgodini."

"Marahaba. Chumba kipo. Njooni na viatu vya kushika mawe, ile njia haina huruma."

"Asante sana, mzee."

Hakumsahihisha. Alikuwa ameacha kuwasahihisha watu tangu msimu wa mvua. Sauti ya baba yake ilimhamia siku ile mzee alipopata kiharusi: ilimtoka akiwa katikati ya kikombe cha uji, ikasikika kwa binti kabla sufuria la mchana halijainjikwa. Ilikuwa nzito, ya kifuani, yenye mkwaruzo mwishoni mwa kila neno. Ile yake nyembamba aliyokuwa nayo tangu utotoni ikabaki kwa mzee, kwa kuwa haikuwa na pengine pa kwenda. Daktari wa zahanati aliwasikiliza wote wawili, akaandika dawa ya presha, akasema jambo hilo hutokea kwa watu walioishi nyumba moja muda mrefu. Kwaya ilimtoa binti safu ya mbele ikampeleka nyuma kwenye besi, ambako kulikuwa na upungufu. Mzee alinung'unika kwa muda kwamba akiitisha chai anasikia kama binti yake ndiye anayeitisha, kisha akazoea.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, ya matofali ya kuchoma, kwenye mtaa ulio chini kabisa ya mlima, ambako maji ya bomba hayakatiki. Kampuni ilimpa baba yake mwaka ule ule mgodi ulipofungwa. Hakuna mtu aliyeuliza kwa nini nyapara apewe nyumba na wengine wapewe mkono wa pole. Yaani watu wote waliuliza, ila si mbele yake. Alipokuwa mkubwa, Binti Nyapara aliweka kibao barabarani, akaanza kupokea wageni.

Wageni walikuja kwa ajili ya mgodi. Walipanda asubuhi, wakasimama langoni, wakasikiliza nyundo, wakapiga picha, wakashuka na njaa. Nyundo zilikuwa za zamu ya mchana, ile iliyobaki ndani siku mgodi uliposhika moto. Haikuwahi kuacha kazi. Kila siku jua likifika utosini, toroli lilitoka lenyewe gizani juu ya reli, limejaa mawe yenye rangi ya shaba. Wake wa wale wanaume waliyamwaga mawe pembeni, wakapanga masufuria ya chakula ndani ya toroli, wakalisukuma kurudi. Kesho yake masufuria yalikuja juu ya mawe, yameoshwa na kukaushwa.

Wanaume wale walikwisha kuambiwa kwamba walikufa. Mke wa mpiga baruti aliwaambia mapema, kwa upole, ili wasije wakasikia kwa mtu baki. Walijibu kwamba wamesikia na wanashukuru kwa taarifa, lakini zamu haijaisha. Mtu hatui zana mpaka nyapara aite. Ndiyo iliyokuwa sheria ya kazi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba imebadilika.

Nyapara naye hakupanda tena. Kwanza alisema goti. Halafu akasema ana wageni. Halafu akazeeka kweli, na haikuhitajika sababu tena.

Mchana huo, Mke wa Seremala alipiga hodi kwenye mlango wa jikoni. Hakuna aliyemwita mjane, kwa kuwa mumewe alikuwa kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, mkavu kama ukuni, mwenye mashavu ya miguu ya mtu anayepanda mlima kila siku. Mumewe, aliyekuwa akikata magogo ya kushikilia dari ya mgodi, alikuwa na miaka thelathini na alibaki nayo.

"Karibu, mama. Kaa," alisema Binti Nyapara.

"Sikai, nikikaa magoti yanaganda." Alisimama akiushika mwimo wa mlango. "Nilikusikia juzi kwenye kwaya. Nusura nisimame nikuzomee. Nilidhani ni yule."

"Ni sauti yake, mama. Mimi nimeachiwa tu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Kesho twende wote, ukawaite. Maneno matatu tu: zamu imekwisha, tokeni." Akalitazama lundo la vitunguu kwenye meza. "Tumechoka, mwanangu. Wao hawachoki, sisi tunachoka. Mke wa mpiga baruti, mpishi wetu wa Alhamisi, tumemzika mwezi uliopita, na mumewe bado anauliza mbona chakula cha Alhamisi hakina ladha."

"Goti langu..." alianza Binti Nyapara, akaisikia sauti iliyosema, akanyamaza. Alichukua kisu, akakiweka tena mezani. "Nitakuja, mama."

"Wakikuuliza jambo, uwajibu," alisema Mke wa Seremala. "Si watu wabaya." Akaondoka bila kuaga, kama mtu anayeogopa kwamba akikaa zaidi jibu litabadilika.

Binti Nyapara alijua wangeuliza nini. Miaka kadhaa nyuma, siku moja alipokuwa akimkata baba yake kucha za miguu uani, mzee alimwambia bila kuulizwa: "Lile lango halikukwama. Nililipiga kufuli. Meneja alipiga simu, akasema funga, moto ukose hewa, tuuokoe mgodi. Wale wa ndani wakaja wakagonga. Nikawaambia liko wazi, sukumeni, ni joto tu limelibana. Wakasukuma." Kisha akauliza kama chai imechemka. Binti Nyapara alimaliza mguu wa kushoto, akaenda kuleta chai. Tume ya uchunguzi ilikuwa imekwisha kuandika kwamba lango lilikwama, na kampuni ikafunga mgodi hata hivyo kabla mwaka haujaisha. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba si lake la kusema. Alilisema hilo moyoni kila alipofungua bomba na maji yakatoka.

Jioni alimweleza baba yake kwamba atapanda. Mzee alikuwa kibarazani, blanketi mapajani, akiangalia kuku wa jirani.

"Ukawaambie nini?" aliuliza kwa ile sauti nyembamba.

"Kwamba zamu imekwisha."

"Na wakiuliza mengine?"

Binti Nyapara aligeuka, akaanza kuanua mashuka.

"Lango lilikwama," alisema mzee. "Imeandikwa. Unataka wageni wako walale wapi? Unataka nife watu wakinitemea mate?" Yote hayo aliyasema kwa sauti ya msichana mpole, na Binti Nyapara, aliyekuwa amempa mgongo akianua mashuka, alijisikia yeye mwenyewe akiyasema. Alikunja shuka likawa dogo sana, akalikunjua, akalikunja tena.

Asubuhi waliondoka wanne. Mke wa Seremala alitangulia na masufuria yaliyofungwa kwa kitenge mgongoni. Binti Nyapara alifuata na ndoo ya wali. Nyuma yao walikuja wageni wawili, kijana wa kwenye simu na mchumba wake, kila mmoja na fimbo mbili za kupandia na chupa ya maji yenye mrija.

Njia ilianza nyuma ya ghala la zamani, chini ya kibao cha ofisi ya utalii kilichoandikwa MGODI WA KIHISTORIA na mshale ulioelekea mbinguni. Kwa kweli haukukosea sana. Mwanzo ilikuwa changarawe, mguu mmoja mbele na nusu mguu nyuma. Kisha zikaja ngazi zilizochongwa kwenye mwamba na wachimbaji wenyewe, zimelika katikati kama mbao za kukatia nyama. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa jiwe, upande wa pili hakukuwa na kitu. Waya wa chuma ulipigiliwa ukutani kwa ajili ya kushikilia, nao ulikuwa na kutu iliyopaka viganja rangi ya chungwa.

Binti Nyapara hakuwa amepanda tangu utotoni, alipokuwa akimpelekea baba yake chakula. Kifua kilimpwita. Kwenye kona ya kwanza alisimama akijifanya anatazama bonde. Mke wa Seremala alirudi ngazi kadhaa, akaichukua ile ndoo mkononi mwake bila neno, akaongezea juu ya mzigo wake.

"Hapana, mama, nitabeba."

"Utabeba kuteremka. Vuta pumzi kwa pua. Usiangalie juu, juu hakusogei ukikuangalia."

Akampa maji kutoka kwenye kidumu chake mwenyewe. Binti Nyapara alikunywa. Afadhali angetukanwa. Tusi angelijua pa kuliweka, lakini yale maji ya uvuguvugu hakujua ayaweke wapi. Njia nzima ilikuwa hivyo: yule bibi alimwonyesha jiwe linalocheza, akamshika kiwiko penye utelezi, akamsimulia jinsi mtoto wake wa mwisho alivyozaliwa wiki ile ile ya moto, na jinsi baba mtu alivyomwona kwa mara ya kwanza akiwa kijana mwenye ndevu, aliposimama langoni na kuinamisha taa ndani. "Akasema, huyu mkubwa hivi ni nani? Nikamwambia ni wako. Akasema, mpe pole kwa kunisubiri." Alicheka, akafuta pua.

"Na nyinyi, mama, ni ndugu?" aliuliza yule mchumba kutoka nyuma, akihema.

"Ni mwanangu," alisema Mke wa Seremala.

Binti Nyapara alitazama miguu yake.

Lango lilikuwa wazi, kama lilivyokuwa kwa miaka mingi. Bawa moja lilikuwa limeng'oka na kulala kwenye nyasi. La pili lilisimama, na pete ya kufuli ilikuwa bado inaning'inia hapo, nzima, haina hata alama ya moto. Ofisi ya utalii ilikuwa imeweka benchi na pipa la takataka. Wake wengine watatu walikuwa wamekwisha kufika, wameketi kwenye benchi wakichambua mboga. Walimsalimia. Mmoja alisogea kumpa nafasi.

Ndani zilisikika nyundo, nyingi, kila moja na mwendo wake, kama mvua kwenye bati inapoanza. Ubaridi ulitoka humo na harufu ya mawe mabichi. Muda si muda reli zikatetemeka, toroli likatoka taratibu, likasimama pale linaposimama siku zote. Masufuria ya jana yalikuwa juu ya mawe, yanameta. Wageni walipiga picha.

"Haya, mwanangu," alisema Mke wa Seremala.

Binti Nyapara alisimama kwenye mdomo wa mgodi. Alipiga moyo konde. "Zamu imekwisha!" aliita. "Wekeni zana, tokeni!"

Sauti iliingia ndani kama mwenyeji. Ilijua kila kona. Nyundo moja ikanyamaza, halafu ya pili, halafu zote, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto mlima ule ukawa kimya kiasi kwamba ulisikika upepo kwenye nyasi. Kwenye benchi, mwanamke mmoja aliachia sahani ikaanguka. Mwingine alianza kujifunga kilemba upya, haraka haraka, kama msichana aliyesikia hodi.

"Zimezimwa?" alinong'ona kijana mgeni. "Mbona zimezimwa?"

Kutoka gizani ilikuja sauti ya mwanaume, tulivu, si ya mbali sana.

"Nyapara, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lango liko wazi?"

"Liko wazi."

"Hata siku ile ulisema hivyo."

Mke wa Seremala alikuwa amesogea, amesimama bega kwa bega naye. Ndiyo sauti ya mumewe iliyokuwa ikisema. Ilionekana kwenye uso wake.

"Hatuna ugomvi, Nyapara," iliendelea ile sauti. "Tumekaa tumezungumza humu, tuna nafasi ya kuzungumza. Tunachotaka ni kujua tu. Tulisukuma sana siku ile. Wengine tulivunjika mabega. Je, lilikuwa wazi kweli? Tuambie, kisha tutoke, kila mtu aende zake. Hatutaki kutoka bila kujua."

Neno la kweli lilikuwa moja, na lilikuwa jepesi. Binti Nyapara alilisikia likimpanda. Kisha aliona vyumba sita, na kibao barabarani, na mzee kibarazani na blanketi lake. Aliwaona wale wanawake watakavyogeuza shingo kumtazama, huyu aliyepewa maji njiani, huyu aliyejua tangu zamani akiwa anakata kucha. Alifungua mdomo.

"Lilikwama," alisema. "Lilikuwa joto."

Kule ndani hawakubisha. Baada ya muda ile sauti ikasema, kwa adabu ya mtu anayefunga mazungumzo na mkubwa wake, "Sawa, Nyapara. Basi tumalizie kipande hiki kwanza."

Nyundo moja ikaanza. Halafu ya pili. Halafu zote.

"Afadhali," alisema kijana mgeni. "Nilidhani tumepanda bure."

Mtu mwingine angetamani ardhi ipasuke immeze. Binti Nyapara hakuthubutu kutamani hivyo mahali pale. Baadaye angependa kujiambia kwamba ni ile sauti iliyodanganya, kwamba yeye alikuwa chombo tu, kama redio. Lakini sauti haina nyumba ya vyumba sita.

Yule aliyekuwa akifunga kilemba alikifungua, akakikunja, akakiweka mapajani. Mke wa Seremala aliinama, akaanza kutoa masufuria kwenye toroli. Alifanya kazi hiyo polepole kuliko kawaida. Mgongo wake ulikuwa umeelekezwa kwa Binti Nyapara, na alipogeuka uso wake ulikuwa mkavu.

"Basi," alisema. "Umejaribu. Twende tumwage mawe, chakula kinapoa."

"Mama..."

"Shika upande ule. Kwa miguu, si kwa kiuno, utaumia."

Wakamwaga mawe. Binti Nyapara alitaka kuisema kweli, na mara hii hakukuwa na mtu aliyemuuliza. Wakapanga masufuria, wakasukuma. Kuteremka alibeba ndoo tupu. Yule bibi alitangulia, kila baada ya kona akiita, "Hapo pana utelezi, mwanangu," bila kugeuka.

Nyumbani mzee alikuwa pale pale kibarazani.

"Walisemaje?"

"Wanakusalimia."

"Uliwaambiaje?"

"Kama ilivyoandikwa."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo binti yake alipokuwa msichana, "Wewe ni mtoto mwema." Binti Nyapara aliingia ndani, akafungua bomba la jikoni, akakaa akiyatazama maji mpaka yakajaa beseni na kumwagika sakafuni. Kisha akachukua tambara akapangusa, kwa kuwa wageni wangepita hapo.

Siku chache baadaye alikwenda kwa Mke wa Seremala. Alikuwa amepanga kusema yote, tena mlangoni, kabla hajakaribishwa. Yule bibi alikuwa akianika dagaa juu ya mkeka. Alimsikiliza akisalimia, akamtazama usoni muda mrefu, akasema, "Usiseme, mwanangu. Mimi ni mke wa seremala. Najua lango lililokwama na lango lililofungwa. Sisi wote tunajua. Hatukukupandisha kule utuambie sisi." Akageuza dagaa kwa kiganja. "Alhamisi haina mtu. Unaweza kupika?"

"Ninaweza."

"Basi chukua Alhamisi."

Ikawa hivyo. Kila Alhamisi Binti Nyapara alipika, akawaachia wageni funguo, akapanda. Alizoea ngazi, viganja vikazoea kutu. Mzee hakuuliza anakokwenda. Kule juu hakufungua mdomo, kwa sababu wangeijua sauti, na wanawake wengine hawakumshurutisha. Walizungumza naye wakijijibu wenyewe, kama watu wanavyozungumza na mtoto mchanga.

Alhamisi moja, toroli lilipokuwa limesimama na masufuria yameshushwa, mwanaume mmoja aliita kutoka ndani. Hakuwa seremala. Alikuwa mpiga baruti.

"Huyu anayepika Alhamisi siku hizi ni nani?"

"Ni binti mmoja wa mtaa wa chini," alijibu Mke wa Seremala.

"Mwambieni ahsante. Chumvi yake imekaa sawa. Mtu anayepika hivi ana moyo safi."

Wanawake waliacha walichokuwa wakifanya. Binti Nyapara alishika ukingo wa toroli. Shukrani ilikuwa imesimama pale ikingoja jibu. Aliinamisha kichwa kuelekea gizani, kama apokeavyo mtu mwenye adabu, ingawa kule ndani hakuna aliyemwona. Kisha akapanga masufuria ya siku hiyo, la mpiga baruti juu, wakasukuma.